Kitanda Chenye Homa

Katika umri wangu wote nimeshindwa kitendawili kimoja tu cha maana. Vingine huwa navifumbua mtegaji hajafunga mdomo. Anayeshindwa hutoa mji ndipo apewe jibu, na kwa hesabu hiyo mimi nimeshatawala nusu ya dunia bila kunyanyuka kwenye kigoda changu. Lakini hicho kimoja kilinishinda, tena nilitegewa na binti mdogo aliyekuja na mkoba wa fomu, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba kilinishinda.

Sisi tunaishi na kufanya kazi chini ya paa moja. Mbele ni karakana, nyuma ni chumba changu, katikati pazia. Karakana aliianzisha marehemu mzee wangu na sasa ni ya binti yetu, fundi wa kung'arisha samani. Mtaa mzima unamwita Msasa, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Viti vilivyokwaruzika, milango iliyopauka, meza zenye alama za vikombe, vyote huletwa kwake. Hukwangua, hupiga msasa, hupaka mafuta ya kitani mpaka mbao inywe ishibe, kisha humalizia na vanishi. Ana mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Alizaliwa mdogo tukamwita Tone, na jina likamganda ingawa sasa anakula kama ndoo. Tone hulala mchana kwenye kitanda changu.

Kazi yangu mimi ni matambara.

Mtu asiyejua atacheka, lakini fundi wa vanishi bila tambara zuri ni mpishi bila mwiko. Nguo mpya haifai, nyuzi zake hubaki kwenye vanishi kama nywele kwenye mchuzi. Inatakiwa pamba ya zamani, shuka iliyofuliwa mara mia, fulana iliyochoka ikawa laini kama sikio la mtoto. Nguo za namna hiyo siku hizi hazipatikani ovyo. Basi nikizipata nilikuwa nazikata mraba, na kazi ya siku ikiisha nayakusanya matambara yote, nayakunja manne manne, nayapanga guniani yakiwa yamebanana kama vitabu. Tambara lenye mafuta bado lina kazi, kesho litaanzia lilipoishia. Mama yangu alinifundisha kwamba fujo ni umaskini wa pili, nami nilimaliza darasa la saba nikiwa wa kwanza kwa usafi wa daftari. Gunia langu lilikuwa safi kuliko kabati la watu wengine.

Asubuhi moja tukasikia hodi.

"Karibu," Msasa alijibu bila kuinua kichwa. "Kama umeleta kiti, weka hapo. Kama umekuja kukiulizia, hakijakauka."

"Sijaleta kiti, Dada. Natoka manispaa, kitengo cha taka hatarishi."

Alikuwa binti mwembamba, viatu vya chini, kalamu ameining'iniza shingoni kwa uzi kama mtoto wa shule anayeogopa kuibiwa.

"Taka zetu ni vumbi la mbao," Msasa akasema. "Muulize Mama, tunafagia kila siku."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tunafagia mara mbili."

Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Yalikuwa yanatembea. Akavuta pumzi puani mara mbili, akaomba ruhusa, akapita pazia hadi chumbani kwangu. Akapiga magoti kando ya kitanda na kutoa chupa moja, ya pili, ya tatu, mpaka zikafika kumi na moja. Zote chupa za maji ya dukani, zimejaa.

"Bibi, haya ni maji ya kunywa?"

"Siyo maji, ni thina iliyokwisha tumika, ile ya kuoshea brashi. Ikitulia, uchafu unakaa chini, ya juu tunaitumia tena. Hatutupi kitu hapa."

"Nani anajua kwamba siyo maji?"

"Sisi wote tunajua."

"Na huyu?"

Tukageuka. Tone alikuwa amekaa kizingitini na chupa ya maji, aina ile ile, kifuniko kile kile cha buluu, anapiga funda moja baada ya jingine huku anatutazama.

Msasa alimnyang'anya mtoto chupa, akainusa, akamrudishia. Ilikuwa maji. Kisha akaichukua tena, akainusa mara ya pili.

Baada ya hapo mkaguzi hakuhitaji kutushawishi sana. Alionyesha mtaro wa mbele ya mlango, ulivyopakwa rangi za kila aina kama nguo ya sikukuu. Msasa akasema ni kidogo tu, masalio ya kusuuzia brashi. Mkaguzi akauliza mtaro huo unaishia wapi. Msasa akasema mtaroni kwingine. Akaulizwa kwingine huko kunaishia wapi, akashika ufagio. Upande wa pili wa barabara fundi pikipiki, tunayemwita Grisi, alisikia swali hilo na kusukuma kwa mguu kopo la oili chakavu mpaka likajificha nyuma ya tairi.

Kisha mkaguzi akafika kwenye gunia langu. Nikaona sasa ndio wakati wa kumlainisha. Hakuna mtu mkali ambaye kitendawili hakimfungui uso.

"Mwanangu, kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Anakula mti, anatema unga."

"Msumeno."

Nikashtuka. Hakufikiri hata kidogo.

"Na mimi nina changu," akasema. "Kitendawili."

"Tega."

"Sina kiberiti wala mkaa. Nikitandazwa nimelala, nikikunjwa napika."

Nikafikiri. Nikasema pasi, akakataa. Nikasema jua, akakataa. Grisi alikuwa ameshavuka barabara, maana umbea una miguu, akasema, "Huyo ni mke wangu. Akikunja uso, jikoni hakukaliki."

"Hapana," mkaguzi akasema. "Bibi, kwa taratibu ningekudai mji kwanza. Lakini jibu hili haliwezi kusubiri. Ni tambara lenye mafuta ya kitani. Jibu liko ndani ya gunia lako."

Akatueleza polepole. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto. Tambara likitandazwa wazi, upepo unalichukua joto hilo na hakuna anayejua. Likikunjwa na kubanwa na wenzake, joto linakosa pa kutokea, linajilimbikiza, linakua, mpaka linawaka lenyewe bila mtu kuwasha. Tambara la mafuta liingie kwenye pipa la bati lenye maji na kifuniko, siku hiyo hiyo, na lisirudi tena kazini.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Mwanangu, nimekunja matambara miaka thelathini. Hata mchawi anahitaji kiberiti."

"Miaka thelathini umebahatika, Bibi."

"Basi mji sikupi. Kitendawili cha uongo hakidai mji."

"Sawa," akasema, akaandika kitu kwenye fomu yake. "Nitakudai baadaye."

Alituachia barua yenye mhuri. Siku kumi na nne. Tukirekebisha tunapewa cheti, tusiporekebisha mlango unapigwa kufuli. Msasa aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, kisha akakaa kwenye kiti alichokuwa amekipaka vanishi muda ule ule, akanata. Hapo ndipo nilipojua amechanganyikiwa, kwa sababu tangu ana miaka kumi hajawahi kukosea kiti kibichi. Kufunga karakana kwetu si kufunga karakana tu. Ni kufungwa mlango mmoja tunaoingilia nyumbani.

"Mama," akasema akiwa bado amenata, "sijui kufanya kazi nyingine yoyote."

"Hukuambiwa uache kazi. Umeambiwa uifanye vizuri. Inuka kwanza, utaharibu kiti cha watu."

Tukaanza. Thina chafu ikahamishwa kwenye dumu moja gumu lenye kifuniko cha kukaza, na dumu likaingia kabati la chuma uani, mbali na jiko, mbali na kitanda, likakalishwa ndani ya beseni ili likivuja lisifike chini. Mtaro tukausugua kwa brashi. Fundi bati akatutengenezea pipa dogo lenye mfuniko wa kubana, tukalitia maji nusu.

Lebo nilipewa mimi niandike kwa sababu ya mwandiko wangu. Barua ilitaka jina la kilichomo, neno la hatari, na tarehe kilipoanza kuwekwa. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika: Nafanana na maji lakini si maji, anayeninywa ataagana na ndugu zake.

Msasa alisoma, akafumba macho. "Mama. Mkaguzi atacheka, kisha atafunga."

"Ina hatari ndani yake."

"Inatakiwa ieleweke na mtu mwenye haraka. Mtu mwenye haraka hafumbui vitendawili."

Nikaandika upya: THINA CHAFU. HATARI, SUMU NA MOTO. Na tarehe. Ile ya kwanza niliibandika chumbani kwangu, maana ilikuwa nzuri.

Tatizo lilibaki gari. Taka za namna ile haruhusiwi kuzibeba kila mwenye mkokoteni. Kuna mkusanyaji mwenye kibali, anakuja na gari, mnatia saini fomu, nakala moja mnabaki nayo muitunze kama cheti cha ndoa. Ila gari hilo halitoki kwa ajili ya dumu moja. Karatasi ya mkaguzi ilisema mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kuungana wakaitiwa gari kwa siku moja. Nikavuka barabara kwa Grisi.

"Oili chakavu unaipeleka wapi?"

"Bibi, oili chakavu inajua njia yake."

"Inapita mbele ya mlango wangu ikienda huko. Nimeshateleza mara mbili. Nikivunjika kiuno, utakuja kunibeba wewe kwenda chooni?"

Akajikuna kichwa. "Unataka nini, Bibi?"

"Dumu lako likae na dumu langu, yaje yachukuliwe pamoja. Lebo nitakuandikia mimi."

"Usiniandikie kitendawili tu."

Kumbe habari zilishavuka barabara. Lakini alikubali, na fundi wa kuchapa mabango, jirani yake, naye akakubali, na siku ya kumi gari lilikuja. Vijana wenye glavu ndefu wakabeba madumu kama wanabeba mayai, Msasa akatia saini, nakala akaitundika kwenye msumari. Aliitazama karatasi ile kwa muda. Akasema hajawahi kujua kwamba takataka inaweza kuondoka na heshima hivyo.

Mpaka hapo mnaniona mtu mwema. Sasa nitaeleza kosa langu.

Katika yote tuliyoambiwa, nilitii yote isipokuwa la matambara. Yale mabovu, magumu, niliyatia kwenye pipa la maji mbele ya macho ya binti yangu. Yale mazuri yalinishinda. Kulikuwa na shuka moja ya pamba niliyoitafuta miezi, nimeikata vipande thelathini na kitu. Mtu anaiachaje ilowe na uchafu, itupwe baada ya siku moja ya kazi? Nikajiambia, mkaguzi ni mtoto, amesoma kitabu, hajawahi kushika tambara. Basi nikawa nayapitisha chini ya nguo yangu, nayapeleka chumbani, nayakunja manne manne, nayapanga ndani ya boksi la viatu vya marehemu na kulisukuma chini ya kitanda. Boksi likijaa nabana kwa mkono lifunge. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikibeba ndani ya nguo kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku ya kumi na mbili Msasa alikuwa na milango sita ya kupaka mafuta. Tangu asubuhi anapaka, anafuta, anapaka tena, matambara yanalowa chepechepe. Jua lilikuwa kali, bati la paa linalia. Saa sita nilishayakunja mazuri yote, yakiwa bado na unyevu wa mafuta, nikalifunga boksi kwa kamba na kulirudisha mahali pake. Saa saba Tone akaenda kulala. Mimi nikakaa kizingitini nachambua vifungo vya fulana kuukuu.

Saa tisa hivi mtoto akatoka akiburuta shuka, uso umevimba usingizi.

"Bibi, kitanda chako kina homa."

"Kitanda hakishikwi na homa, mama. Umekojoa?"

"Sijakojoa."

"Kila aliyekojoa husema hivyo."

"Sijakojoa mimi. Kina homa. Kimenichoma hapa." Akanionyesha paja.

Nikainuka na tambara kavu mkononi, tayari kufuta mkojo. Nikapapasa godoro. Lilikuwa kavu. Nikapapasa tena, katikati, na kweli lilikuwa na joto, joto la tumbo la kuku anayeatamia. Likapanda mkononi mwangu taratibu. Kisha ikanijia puani harufu ya mafuta yaliyochacha, ambayo nilikuwa nimeisikia tangu kizingitini nikadhani ni jirani anakaanga.

Nikapiga magoti. Boksi la viatu lilikuwa limegeuka rangi ubavuni, kahawia, kama mkate.

Ndipo kitendawili kikanifumbukia. Sikuhitaji kuambiwa tena. Nilishaona majani mabichi yaliyolundikwa yakifuka mvuke asubuhi, nikayaona kwa macho yangu tangu mtoto, na sikuwahi kujiuliza nani aliyewasha.

Nilivuta kamba. Boksi likasogea, upepo ukaingia, na moshi mweupe, mzito, ukatoka kana kwamba ulikuwa unasubiri mlango. Katikati ya matambara yangu mazuri palikuwa na jicho jekundu.

Nilimwita binti yangu kwa jina lake alilopewa na baba yake, ambalo sijalitumia tangu awe mtu mzima. Alikuja mbio kabla sijalimaliza. Hakuuliza. Alitazama mara moja, akarudi mbele, akaja analiburuta pipa la bati, maji yanamwagika miguuni. Akachukua sepetu ya vumbi la mbao, akaipitisha chini ya boksi, mimi nikalishikilia kwa koleo, tukalitumbukiza lote kama lilivyo. Maji yalilia kama kikaango. Akabana mfuniko na kuukandamiza kwa mikono miwili, na mvuke ukawa unatoka pembeni kwa miluzi midogo midogo.

Grisi alishafika. Kwapani amembana Tone, mkono wa pili ana ndoo ya mchanga. Akaimwaga yote chini ya kitanda changu, hata pasipohitajika.

Tulipoinua godoro tukaona. Sponji ilikuwa imeungua duara la sahani, na chaga mbili za kitanda zilikuwa mkaa. Tone alikuwa amelala juu ya duara lile. Na pale boksi lilipokaa, ndipo pale pale, siku kumi na mbili nyuma, zilipokuwa zimesimama chupa kumi na moja za thina.

Nilikaa kwenye mchanga wa Grisi nikamshika mjukuu wangu mguu, mguu tu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Msasa alifanya kazi mpaka jua likashuka. Alifungua milango yote, akatandaza nje kila tambara lililobaki, moja moja, juu ya ukuta. Kisha akaja akakaa chini karibu nami.

"Ulikuwa unayaficha tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini, Mama?"

"Yalikuwa mazuri."

Nilitegemea ule msasa wa ulimi wake. Ningeupokea. Lakini aliweka kichwa begani kwangu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa baba yake, na alinuka mafuta ya kitani nywele zote.

Grisi ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa wote. "Keshokutwa mkaguzi anakuja. Geuzeni godoro. Mchanga nitauzoa. Kila kitu kingine mmerekebisha, kwa nini mfungiwe kwa kitu kilichokwisha?"

Msasa alinitazama. Aliniachia mimi niamue. Yeye ndiye ambaye angekosa kazi, na bado aliniachia mimi.

Siku ya kumi na nne mkaguzi alikuja na kalamu yake shingoni. Alikagua kabati, akatikisa dumu, akasoma lebo kwa sauti, akasema mwandiko huu ni wa nani, ungefaa kutundikwa ofisini. Akakagua nakala ya fomu kwenye msumari. Akafungua pipa, akaona maji. Akainama mtaroni. Kila mahali aliweka alama ya vema, nami nilizihesabu zile alama. Ilikuwa imebaki ya mwisho akapanda kizingiti akafungua kifuniko cha kalamu.

"Mwanangu," nikasema, "kabla hujaandika, njoo chumbani."

"Mama," Msasa akasema kwa sauti ndogo.

"Niache nimwonyeshe."

Nikainua godoro.

Alipiga magoti pale pale alipopiga mara ya kwanza. Akapitisha kidole kwenye duara, akagusa chaga, kikatoka cheusi. Akauliza matambara mangapi, yalikaa muda gani, yalikuwa yamefungwaje. Nilijibu yote. Akauliza kama kuna mtu alikuwa kitandani. Nikasema alikuwepo. Hakuuliza nani. Tone alikuwa amesimama mlangoni amevaa kiatu kimoja.

"Ungeweza kugeuza godoro," akasema.

"Ningeweza. Lakini kesho utaenda kwa bibi mwingine mwenye gunia lake safi, naye atakucheka kama nilivyokucheka mimi. Mwambie umeona. Ukitaka, mlete aone."

Akafungua fomu yake. "Bibi, nikiandika hili, cheti sikupi leo."

"Andika."

Akaandika, ukurasa mzima. Msasa alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na safari hii alihakikisha kwanza ni kikavu. Mkaguzi alipomaliza akatusomea. Karakana haifungwi, kwa sababu pipa lilikuwepo na lilitumika. Lakini tumeongezewa siku saba. Hakuna kitu chochote cha kazi kuvuka pazia kuingia chumba cha kulala. Na awepo mtu mmoja mwenye dhamana ya matambara, mwenye daftari, anaandika kila siku yametoka mangapi asubuhi na yameingia mangapi ndani ya pipa jioni, na hesabu zilingane.

"Nani mwenye dhamana?"

"Mimi," nikasema.

"Una uhakika, Bibi?"

"Nilikuwa wa kwanza kwa usafi wa daftari."

Zile siku saba niliandika kama nitasahihishwa na mwalimu. Yametoka tisa, yameingia tisa. Yametoka kumi na nne, yameingia kumi na tatu, moja limepatikana mfukoni mwa fundi, limeingia. Kila lilipozama majini lilikuwa linaniuma kidogo, sidanganyi, pamba nzuri ni pamba nzuri. Kisha nilikuwa nasikia Tone anakoroma nyuma ya pazia, na maumivu yanaondoka.

Siku ya saba mkaguzi alisoma daftari lote, hata lile tambara la mfukoni, akatabasamu. Akatoa cheti kwenye mkoba. Msasa alikipokea kwa mikono miwili na kukitundika chini ya picha ya baba yake, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama kimenyooka. Halafu akaingia nyuma ya milango akatoka na kigoda kidogo cha miguu mitatu, alichokipaka tabaka tano za vanishi akidhani sijui kinaenda kwa nani.

"Chukua, mdogo wangu. Ni shukrani kwa ajili ya mtoto wangu."

Mkaguzi alikishika, akakigeuza, akapitisha kiganja juu yake. Nilimwona alivyokitamani. Akakirudisha chini. "Kizuri sana, Dada. Lakini kazi yangu hainiruhusu kupokea kitu. Hata maji yenu nakunywa kwa wasiwasi."

Msasa akabaki na mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

"Kuna kimoja anaruhusiwa," nikasema. "Maana ni haki yake. Mwanangu, unanidai mji."

"Nilidhani umesahau, Bibi."

"Kwenye vitendawili sisahau. Njoo hapa kizingitini."

Akaja akasimama karibu nami. Nje mtaro ulikuwa unapitisha maji, maji tu. Fundi wa mabango alikuwa ameanika bango jipya. Matambara yangu ya asubuhi yalikuwa yametandazwa juu ya ukuta, kila moja na nafasi yake, yanapigwa upepo. Tone alikuwa anachora kwa chaki njiani, na watu wanamkwepa.

"Nakupa huu," nikamwambia. "Huu wote unaouona, kuanzia hapa mpaka macho yanapoishia. Ila uniachie chumba kimoja cha nyuma, chenye kitanda kisicho na homa."

"Nimeupokea, Bibi," akasema. Akanishika mkono, akavaa mkoba wake, akavuka barabara kwenda kukagua kwa Grisi, ambaye alikuwa anafuta lebo zangu kwa kiwiko cha shati ili zionekane vizuri.